Kasoki Aliyeitikia Wafu

Maharagi ya Kasoki yalinuka kloro. Ilikuwa Jumanne, saa sita ya muchana, jua linapiga mabati ya mutaa wa Ndosho, pale Goma, mpaka yanalia, na yeye alikuwa ameinama juu ya chungu anaonja chumvi. Akatema. Akaonja tena. Kloro, ile dawa nyeupe wanapuliza pahali kolera imepita. Akamwaga maharagi yote, akasugua chungu na muchanga, akachota maji kwa bidon ingine kabisa, kwa jirani mwingine kabisa, akapika upya. Saa tisa yakaiva. Yakanuka kloro.

Bwana yake Adalbert akarudi toka kazini, akakula, akasema hakuna kitu, ni pua yako. Lakini binti yao Bénita, mutoto wa miaka saba mwenye hakujua bado kudanganya, akasukuma sahani polepole.

“Inanuka kama mama Annonciata,” akasema.

Kasoki akamupiga kofi. Mutoto hakulia. Alimuangalia tu mama yake, na Adalbert akaacha kutafuna.

Sasa lazima niwaambie huyo Annonciata alikuwa nani, juu bila yeye hamutaelewa kwa nini mama mwenye akili zake anapiga mutoto kwa ajili ya harufu.

Ilikuwa mwaka ule vita ilishuka toka Rutshuru, na watu wa Kalengera wakamwagika barabarani, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, wazee wamelazwa juu ya chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, kama mifuko ya makala. Leta, yaani serikali, ikawaweka nyuma ya Ndosho, juu ya mawe ya volkano, chini ya shitingi, yale maturubai nyeupe. Pale huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kaburi, jembe inalia tu na kurudisha mukono. Mwezi wa pili kolera ikaingia, na watu wakaanza kufa asubuhi wakiwa wameamka wazima.

Annonciata alifika na hao wa Kalengera, mujane, bila mutoto. Leta ikamupa kazi ya usafi: bote za kijani miguuni, gants mikononi, na pompe ya kloro ya kubeba mugongoni. Unamusikia mbele ya kumuona, tshii, tshii, tshii, kati ya mahema. Njo yeye alikuwa anaosha wafu. Anawapuliza, anawafunga ndani ya shitingi, anawapanga mawe juu mpaka wafunikwe. Hakujua kusoma hata herufi moja. Basi majina aliyatunza kwa mudomo. Kila siku akimaliza kazi alipita kati ya yale malundo ya mawe, anataja jina la kila mutu, na kijiji alichotoka, na siku aliyolala pale. Wasipotee, alikuwa anasema. Watu walimuzoea vile unazoea kuku wa jirani.

Adalbert alikuwa chef, mukubwa wa kambi, aliyewekwa na leta. Kila wiki mbili lori ilileta unga. Kijana wa biro, ile ofisi ya kambi, jina lake Prodige, alisimama nyuma ya meza na kusoma liste ndani ya megafone. Ukiitwa unasema “présent”, yaani niko, unapewa mufuko. Lakini mutu akikufa, Adalbert hakumutoa kwenye liste. Alimuweka bibi yake Kasoki ndani ya mustari, leo amefunga kitambaa chekundu, safari ingine amevaa kofia na mutoto wa watu mugongoni, na Prodige akiita mufu, Kasoki anaitika. Chukudu inapeleka mifuko Ndosho. Haikuwa siri kubwa. Ilikuwa ile siri kila mutu anaizunguka kama shimo la njiani.

Siku moja Annonciata alikuwa anapuliza karibu na mustari. Akasikia wanaita Mukamugema. Akasikia “présent”. Akashusha pompe chini. Mukamugema alikuwa amemufunga yeye mwenyewe, na mikono yake, Jumatatu ya mvua ya mawe.

Hakupiga kelele. Alienda kwa Adalbert ndani ya biro ya mbao, akamuambia vile mutu anaambia ndugu yake. Adalbert akamupa kiti. Akamuambia mama, mimi na wewe ni watu wa leta, tunakula kwa sahani moja, nawe utapata mufuko wako kila lori. Annonciata akasema kuna wamama wamefika toka wiki tatu, hawana jeton, ile karatasi ya kupewa unga, wanapikia watoto majani. Toa wafu, andika hao. Adalbert akacheka na kumufungulia mulango. Na nyuma yake akamuambia, bila kucheka, kwamba kazi ya leta inapewa na inachukuliwa.

Alijua basi. Alijua vizuri, na bado, siku wakubwa wa Kinshasa walipokuja na magari kuangalia kambi, wakati Adalbert anasoma hotuba yake, yule mama akatoka nyuma ya watu na bote zake na pompe yake, akasimama mbele ya viti. Hakuwa na karatasi. Alifunga macho na kuanza kutaja. Mukamugema wa Kalengera, Jumatatu ya mvua ya mawe. Éphraïm mutoto wa fundi, kesho yake. Nyiransabimana na mapacha yake, siku moja, lundo moja. Akafika watu makumi sita na tatu bila kurudia hata mumoja. Kisha akasema: “Hawa wote wanaitwa kila lori. Na wote wanaitika.”

Wakubwa wakaandika, wakapanda magari. Kesho yake neno likaja kwamba unga umesimamishwa mpaka uchunguzi uishe.

Mukisikia uchunguzi, munafikiri wakubwa walirudi. Hawakurudi. Unga tu ndio haukurudi. Wiki ya kwanza watu wakauza masufuria. Wiki ya pili wakaanza kumuangalia Annonciata wakati anapita. Wiki ya tatu mutoto mumoja akakufa kwa njaa, na mama yake akakataa mikono ya Annonciata imuguse.

Hapo Adalbert akaita barza. Wazee wakakaa, kambi nzima ikasimama. Adalbert hakumutukana, alimuuliza kwa heshima kabisa.

“Mama, umesoma?”

Akasema hapana.

“Uko na kitabu umeandikiwa?”

Akasema hapana.

“Sasa watu makumi sita na tatu, na siku zao, wanakaa ndani yako namna gani? Nani anakukumbusha?”

Watu wenye njaa wakasogea karibu. Kisha sauti moja nyuma ikasema kwamba ni wafu wenyewe wanamuambia. Na Kasoki akasimama mbele ya wote, amefunga kikwembe kipya, akaapa kwamba amemuona Annonciata juu ya mawe muchana mweupe, anaongea na wafu na wafu wanamujibu, na kwamba kolera alikuwa anaibeba ndani ya ile pompe. Alisema bila kutetemeka. Wakamuvua bote. Wakachukua gants na pompe. Wakapasua jeton yake. Wakakataza mutu yeyote kumupa moto wa kupikia. Leta ikasema kwamba hakuwa tena mutu wake.

Annonciata hakujitetea. Aliangalia miguu yake mitupu juu ya mawe, kisha akamuangalia Kasoki.

“Basi muwaitikie ninyi,” akasema. “Mimi nimechoka kuwatunza.”

Akateremka upande wa ziwa. Wenyeji wa Goma wanajua mazuku, ile hewa mubaya inatoka chini ya mawe na kulala ndani ya mabonde kama maji yasiyoonekana, bila harufu. Mbuzi akiteremka kunywa, hapandi. Mutu mukubwa akisimama anapumua, akikaa, amekufa. Lakini mutu wa Kalengera angejulia wapi? Aliona bonde lenye majani mazuri, mbali na watu, akakaa apumuzike. Wachungaji walimukuta ameketi vile vile, macho wazi, kama mutu anangojea kuitwa. Adalbert akatuma wanaume wawili wamutupie mawe. Hakuna kilio, hakuna mukeka, hakuna mutu hata mumoja aliyekaa kwa ajili yake.

Shahidi amekufa, uchunguzi ukafungwa, unga ukarudi. Na Adalbert, juu ya tamaa tu, akarudisha jina la Annonciata kwenye liste. Kasoki alisita. Bwana yake akamuambia ni jina kama mengine. Basi ile Jumanne asubuhi Prodige akaita Annonciata, sauti yake ikakatika kidogo, na ndani ya mustari mwanamuke mwenye kitambaa kimeshuka mpaka machoni akaitika: “Présent.”

Saa sita ya siku ile, maharagi.

Jumatano mbabula, jiko lake la makala, ilikataa kuwaka. Kasoki alipuliza makala mpaka kichwa kikazunguka. Akaiinua juu ya meza, ikawaka mara moja. Akairudisha chini, ikazima. Akageuka, akaona kuku zake mbili zimelala mulangoni, miguu imenyooka, hakuna kidonda, hakuna damu. Kasoki alikuwa amekaa Goma miaka mingi. Alichukua kiberiti, akawasha njiti moja, akaishusha polepole pembeni ya muguu wake. Ilipofika kwenye kifundo ikazimika kama mutu ameipuliza. Akawasha ingine. Pale pale. Lakini Ndosho iko juu. Mazuku haijapanda Ndosho tangu mawe haya yakuwe mawe.

Adalbert akasema wafungue madirisha. Wakafungua. Upepo uliingia, ukapeperusha mapazia, ukatoka, na chini njiti zikaendelea kuzimika.

Alhamisi, jua likiwa kichwani, Kasoki akasikia nyuma ya nyumba tshii, tshii, tshii. Alikimbia kuangalia. Hakukuwa na mutu, ukuta tu ulikuwa umelowa kwa mustari mumoja mweupe, toka pembe mpaka pembe. Na akiwa bado anaugusa na kidole, mutu akaita mbele, mulangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya jirani anaomba chumvi.

“Mukamugema?”

Kwetu mutu akisikia jina linaitwa na haoni mwenye kuita, hafungui kinywa. Hata mutoto anajua. Kasoki alijua. Alijibana midomo na meno. Lakini mudomo wake ukafunguka wenyewe, kama mulango unafunguliwa na mwenye nyumba, na ukasema: “Présent.”

Kitu kikaingia. Hakukiona, lakini benchi ililia vile inalia mutu akikaa. Njiti ikazimika kwenye ugoko.

Toka siku hiyo wakaja mumoja mumoja, na daima muchana, saa ya kupika, saa watu wanapita na mizigo inje na redio ya kinyozi inaimba, Éphraïm aliitwa akaitikiwa, Nyiransabimana aliitwa akaitikiwa na benchi ikalia mara tatu kwa ajili ya mapacha, na kila kuitika hewa ile ilipanda kidole kimoja, goti, juu ya goti, mpaka Kasoki na bwana yake wakawa wanakula wakisimama, wanalala wakiegemea ukuta, na nyumba ikawa nzito kama nyumba yenye kilio kikubwa ambapo huwezi kupita bila kugusa mabega ya watu, isipokuwa mabega hayakuwapo.

Lakini fikirieni Bénita. Mutoto wa miaka saba ana kimo gani? Hewa yenye kufika mama kwenye paja inamufika yeye kifuani. Siku alipoanguka anatafuta pete ya mwanasesere wake chini ya meza, wakamuvuta midomo ya bluu, na ndipo Adalbert akaenda ndani, akatoa mifuko ya unga ya wafu iliyobaki bila kuuzwa, akaipanga ukutani mumoja juu ya mwingine, na juu yake wakatandika godoro. Mutoto akakaa pale. Wakamupa sahani pale, akacheza pale, akalala pale. Hewa ikipanda, wanaongeza mufuko. Na mifuko ikiisha, Adalbert anaenda kambini, anaongeza jina la mufu mwingine ili mufuko mwingine uje, na Kasoki anaitika kwa mustari asubuhi, na saa sita yule aliyeitikiwa anapiga mulangoni mwake. Munaona vile walivyonaswa? Kila mufuko uliomuinua mutoto ulileta mutu wa kumufuata.

Walijaribu kukimbia. Kasoki alimubeba Bénita mpaka Kituku, kando ya ziwa, kwa dada yake Kahambu mwenye kukausha samaki. Moto ya kwanza, ile pikipiki ya abiria, walipopanda ikazimika; dereva akapiga teke, akapiga teke, akawaambia washuke; waliposhuka ikawaka. Ya pili hivyo hivyo. Wakaenda kwa miguu. Siku ya pili kule Kituku sauti ikaita mbele ya majiko ya samaki, na mbuzi mbili za Kahambu zikalala. Kahambu hakugombana. Alitoa vitu vya dada yake inje, kimoja kimoja, na kuvipanga vizuri barabarani.

“Dada yangu,” akasema polepole, hakutaka majirani wasikie, “hicho kitu kiko kwako, hakiko kwangu.”

Waliporudi Ndosho, Kasoki alijifunga mudomo. Alijaza kitambaa mpaka kooni, akafunga ingine juu, akakaa kwenye meza na miguu imekunjwa. Saa sita ikafika. Sauti ikaita jina. Kasoki akashindana, shingo imevimba, machozi yanashuka, na kitambaa kikashika, hakikutoka neno. Akafurahi. Kisha juu ya mifuko, karibu na bati, sauti ndogo ikaitika mahali pake: “Présent.” Ilikuwa ya Bénita, na mutoto mwenyewe alikuwa anaangalia mikono yake kama hakujua nani amesema. Kasoki alipasua kile kitambaa na meno. Toka siku ile aliacha mudomo wake wazi, uitike yeye, usiitike mutoto.

Ndipo wakamuleta Mulumeoderhwa, muganga, muzee wa kabila ya Bashi aliyeshuka na mashua toka Bukavu. Alikuja na kifuko kidogo cha ngozi. Hakukifungua. Alisimama mulangoni, akaomba kiberiti, akawasha njiti na kuishusha. Ikazimika kifuani mwake. Akaangalia mutoto juu ya mifuko saba, kichwa kinagusa bati. Akarudi inje.

Adalbert akamufuata anamuahidi ng’ombe. Muzee akatikisa kichwa.

“Mimi nafukuza wenye kuja bila kuitwa,” akasema. “Hawa mumewaita. Wameitwa kwa majina, na mutu amesema wako. Nitawaambia nini?”

Kasoki akauliza kwa sauti ya chini kama kuna njia.

“Mwenye kusema wako, arudi aseme hawako. Mbele ya wale wale. Na mama yule wa pompe, mumurudishie jina lake.”

Adalbert akasema hiyo ni kufungwa. Muzee akasema ndiyo, pengine. Akachukua fimbo yake akaenda, na maji hakunywa.

Usiku wote Adalbert aliongea na kupanga. Alisema lori ingine iko kesho Jumanne, wataongeza mifuko mitatu, watatoboa bati, watamupandisha mutoto juu ya nyumba. Kasoki alimusikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, bati likiisha kuna nini juu? Asubuhi Adalbert alivaa koti yake ya biro, akatangulia kambini.

Kasoki akamukalisha Bénita juu ya mabega yake. Hewa ilikuwa imemufika yeye mwenyewe kwenye shingo, na ilitoka naye, ilimufuata inje kama maji ya muto yanafuata mutu anayevuka. Alitembea na kidevu juu. Watu wa Ndosho wakacheka kuona mutoto mukubwa vile anabebwa, wakamuuliza kama ananyonya bado. Moto zilizopita karibu zilikohoa. Alifika kambini lori imeshashusha, mifuko imepangwa kama nyumba, Prodige ameshaanza kusoma, Adalbert amesimama nyuma yake na polisi mumoja anavuta sigara.

“Mukamugema,” Prodige akaita.

“Hayuko,” Kasoki akasema.

Watu wakageuka. Prodige akashusha megafone.

“Alikufa. Annonciata alimufunga. Niliyekuwa namuitikia ni mimi.” Pumzi yake ilikuwa fupi. “Endelea, mutoto wangu. Soma.”

Na Prodige, Mungu anajua kwa nini, akasoma. Éphraïm. Hayuko. Nyiransabimana. Hayuko, na mapacha hawako. Kila “hayuko” hewa ilishuka kidole kimoja; Kasoki alikuwa anaisikia inateremka kwenye shingo yake kama nguo iliyolowa inavuliwa. Lakini watu nao walikuwa wameelewa unga utasimamishwa tena, mufuko hautatoka. Mama mumoja mwenye mutoto mugongoni akaokota changarawe, akamurushia usoni. Wengine wakamuita malaya, muroho, mwizi. Mwanaume akamuvuta kikwembe ili aanguke na mutoto wake. Na sauti ikauliza, ile ile ya siku ya barza: “Na wewe, majina ya wafu umeyajua namna gani? Nani alikufundisha?”

“Niliyaitikia,” Kasoki akasema. “Njo nilijifunza hivyo.”

Prodige akafika mwisho wa karatasi. “Annonciata.”

Kasoki akajipangusa uso. Damu ilikuwa inamuingia jichoni. “Hayuko,” akasema. “Hakuwa muchawi. Nilidanganya mbele yenu, nanyi mulifurahi. Alisema kweli, tukamuua.”

Pengine pangeishia pale. Lakini Adalbert aliona kazi yake, na nyumba yake, na gereza. Akamunyanganya Prodige megafone. Akasema huyu mwanamuke amerukwa na akili, mumuone vile anabeba mutoto. Akasema hakuna mufu kwenye liste ya leta. Wote wako.

“Andika,” akamuambia Prodige, na megafone ikapeleka sauti yake mpaka kwenye mawe ya mwisho. “Wote. Nawaitikia mimi mwenyewe. Présent.”

Shitingi zote zikaacha kupigapiga. Sigara ya polisi ikazimika mudomoni. Adalbert akafungua kinywa kusema neno lingine, na hakuna kitu kikaingia. Akashika koo. Akapanda kwenye kiti. Akapanda kwenye meza, anainua kidevu, anainua, mutu murefu vile. Na wote tuliozoea kumuona ndani ya koti yake safi tulimuona anakimbilia ile mifuko ya unga na kuipanda, mumoja juu ya mwingine, kwa magoti na kwa kucha, unga unamwagika juu yake mpaka akawa mweupe kama ukuta uliopulizwa, na kila alipofika juu alikuta kule nako hakuna pumzi, na pembeni yake, hatua mbili, wapakuzi wa lori walikuwa wanapumua vizuri kabisa na kumuangalia. Hakuna aliyemushika. Walisema baadaye walikuwa wanaogopa. Wengine, mimi najua, hawakuogopa. Waliangalia mpaka mwisho. Alikufa juu ya mufuko wa juu kabisa, kinywa wazi kimeelekea jua.

Kasoki akamushusha mutoto chini. Bénita akakaa juu ya mawe, kwanza na woga, kisha akalala kifudifudi kama mutu anakunywa mutoni, anavuta hewa ya chini. Hapo mama yake ndipo alilia.

Musifikiri walimushukuru. Barza ile ile ilikaa jioni ile, wazee wale wale, ikasema amemuua bwana yake kwa dawa. Ndugu za Adalbert wakachukua nyumba ya Ndosho. Unga ukasimama tena wiki mbili, mpaka liste ingine iandikwe, na kwenye ile mpya wale wamama bila jeton waliandikwa; lakini hata wao, ukiwauliza leo nani aliwaandikisha, wanataja leta. Kasoki alitandika mukeka bondeni kwa Annonciata, pale juu kidogo ambapo mutu anaweza kukaa, akafanya kilio siku tatu, yeye na binti yake. Siku ya pili yule mama wa changarawe akaja na kaa la moto juu ya bati, akaliweka, akaenda bila kusema neno. Hakuna mwingine.

Adalbert walimuzika kwa mawe, na musalaba wa simenti. Kila Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, ndugu zake wanamupelekea mishumaa. Wanaiwasha wakiwa wamesimama, inawaka vizuri, wanainama kuiweka, inazimika. Kaka yake mukubwa alipiga magoti asali, wakamuvuta kwa koti akiwa amekwisha kugeuka rangi. Sasa wanasali wima, na haraka.

Na Kasoki yuko Kituku mpaka leo, nywele zimekuwa nyeupe, anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Wamama wa soko wanamuita muchawi mbele ya wateja, wengine kwa mchezo, wengine na moyo wote. Muchawi, sambaza yako ni ya leo? Muchawi, songa kidogo. Yeye anasimama na mikono ndani ya beseni, macho kwa samaki, kama hakuna mutu amesema kitu, hata mukiita mara kumi, hata mukimugusa bega. Mpaka mutu aseme Kasoki. Hapo ndipo anainua kichwa.